Vibainishi na msamiati katika habari za siasa za Kiingereza

Vibainishi vya Kiingereza ni maneno mafupi yanayotangulia nomino: "the" kwa kitu ambacho msomaji anakijua tayari, "a" au "an" kwa kinachotajwa mara ya kwanza. Kiswahili hakina maneno ya aina hiyo. Tofauti ya "nimesoma kitabu" na "nimekisoma kitabu" hubebwa na kiambishi ndani ya kitenzi, ndiyo maana Mswahili anaposoma Kiingereza huviruka vibainishi kana kwamba ni makapi.

Katika habari za siasa si makapi hata kidogo. Taarifa ya bungeni huanza na "a bill", muswada fulani. Aya ya pili huandika "the bill", muswada uleule. Cheo kikifuatwa na jina la mtu, kibainishi huondoka: "the president", lakini "President Obama". Kinachopotosha zaidi ni "few" na "a few". "Few MPs backed it" inasema wabunge waliouunga mkono walikuwa wachache mno, karibu hakuna. "A few MPs" inasema tu kwamba walikuwepo kadhaa. Herufi moja imegeuza habari nzima.

Kibainishi chaweza hata kuzua ugomvi wa kisiasa. Ukraine iliitwa "the Ukraine" kwa miaka mingi. Baada ya uhuru wa 1991 wenyewe walikataa, kwa kuwa "the" iliifanya nchi yao isikike kama jimbo la dola nyingine. Gambia, kinyume chake, imeing'ang'ania katika jina lake rasmi.

Vichwa vya habari hufyeka vibainishi ili kuokoa nafasi, na hutumia wakati uliopo kwa jambo lililokwisha tokea: "PM quits" ni waziri mkuu amejiuzulu, "PM to quit" ni atajiuzulu. Humo pia maneno ya kila siku hubadili sura. "Axe", shoka, huwa kufuta mpango au kumwachisha mtu kazi. "Row" ni mzozo, wala si safu. "Whip", mjeledi, ni mnadhimu wa chama bungeni, ambaye Wakenya humwita kiranja.

Maneno mengine hutegemea nchi. Mgombea wa Uingereza "stands", wa Marekani "runs". "To table a motion" ni kuwasilisha hoja huko London. Jijini Washington ni kuiweka kando.