Mumbai: Sikukuu ya Wavujajasho

Sisi wauza leso wa Mombasa tunaoagiza mzigo Mumbai huonyana: usiende wakati wa Ganpati, sikukuu ya mungu Ganesh. Sikukuu hiyo huangukia Agosti au Septemba, na siku hizo wakala hapokei simu, mzigo hulala bohari, na barabara za mtaa wa Girgaon hazipitiki kwa ngoma. Mimi huenda makusudi. Biashara hudorora, lakini ndipo mji ule unapojieleza.

Mgeni akiyaona maandamano yale hudhani yamekuwapo tangu enzi na enzi. Kweli, kumwabudu Ganesh, mungu wa Wahindu mwenye kichwa cha tembo, ni jambo la kale. Watawala wa mji wa Pune walimfanyia sherehe kwenye majumba yao, na raia wa kawaida walimweka nyumbani, sanamu ndogo ya udongo iliyotiwa majini siku zilipotimia. Kumtoa barabarani kwa michango ya mtaa mzima ndiko kulikoanza juzijuzi, miaka ya 1890.

Aliyelivumisha jambo hilo ni Bal Gangadhar Tilak, mwanasiasa wa Pune na mwenye gazeti la Kesari. Agosti 1893 Wahindu na Waislamu walipigana vibaya Bombay, kama Mumbai ilivyoitwa zamani, watu wakafa. Kabla ya hapo Wahindu wengi walikuwa wakijumuika na majirani zao Waislamu kwenye maandamano ya Muharram. Baada ya hapo Tilak na wenzake waliwaita wajitenge, wawe na msafara wao, wenye ngoma zao na nyimbo zao. Wanaomsifu Tilak husema alipata jukwaa la kuwapinga Waingereza, na ni kweli. Ila jukwaa lile lilijengwa pia juu ya ujirani uliovunjika, na mimi Muislamu wa Pwani siwezi kuliruka hilo.

Lakini Tilak alifungua mlango tu. Walioingia na kuishika nyumba ni wengine: wafanyakazi wa viwanda.

Kiwanda cha kwanza cha pamba cha Bombay kilianzishwa 1854. Vingine vikafuata, na nguo zake zikavuka bahari hadi Zanzibar, zikashindana na marikani, kitambaa cha Marekani. Wengi wa waliozifuma walitoka vijiji vya Konkan, pwani iliyo kusini ya mji. Walikaa kwenye chawl, majengo ya ghorofa yenye vyumba vilivyopangana, baraza moja ndefu mbele na choo cha shirika mwishoni. Chumba kimoja kililaza familia nzima, au wanaume wengi waliopokezana zamu za kiwandani na za kulala. Humo hamkuwa na nafasi ya sherehe. Sherehe ikatoka nje, uani.

Chawl ya Keshavji Naik, pale Girgaon, ilianza sherehe hiyo 1893 na ingali inaiendeleza. Sanamu yake imebaki ndogo, ya udongo. Mahali kama hapo kila mtaa una kamati yake, na kamati ina kijana anayepita mlango kwa mlango na kitabu cha risiti. Zamani alikusanya anna, zile sarafu zilizotumika hata kwetu kabla ya shilingi. Kamati hizo ziliwafunza watu wa vyumba vya kupanga kutunza hesabu, kuitisha mkutano na kusimamia umati.

Siku ya sikukuu, mama mwenye nyumba ninayofikia huanza kazi ya jikoni kabla ya jua. Hupika nazi iliyokunwa na sukari guru mpaka ikauke, akatia iliki. Unga wa mchele huukanda kwa maji ya moto, akafinyanga kikombe chembamba kiganjani, akakikunja kingo kwa ncha za vidole, kunjo baada ya kunjo, akakijaza nazi na kukifunga juu kwa ncha. Hii ndiyo modak. Huipika kwa mvuke, haikaangi, na za kumtolea Ganesh huhesabiwa ishirini na moja. Mpishi yeyote wa Pwani angeelewa mkono ule bila kuambiwa neno.

Lalbaug, katikati ya eneo la viwanda, wavuvi na wachuuzi walipoteza soko lao mwanzoni mwa miaka ya 1930. Waliweka nadhiri kwa Ganesh wapate jingine. Walipopewa kiwanja, wakaitimiza kwa kuanzisha sanamu ya hadhara mwaka 1934. Leo huyo ndiye Lalbaugcha Raja, mfalme wa Lalbaug. Watu hupanga foleni usiku na mchana, nyota wa sinema huja, na dhahabu inayotolewa hupigwa mnada.

Mfalme amebaki, watu wake wametawanyika. Januari 1982 wafanyakazi wa viwanda vya nguo wapatao 250,000 waligoma wakiongozwa na Datta Samant, kiongozi wa chama cha wafanyakazi. Mgomo ule haujatangazwa rasmi kwisha hadi leo. Viwanda vikafa, na ardhi yake ikaota maduka makubwa na minara ya kuishi. Phoenix Mills, kilichokuwa kiwanda cha pamba, sasa ni mahali pa kununua viatu vya bei mbaya. Chawl nazo zinabomolewa.

Siku ya mwisho ya sikukuu sanamu kubwa hushushwa ufukwe wa Girgaon Chowpatty. Yule wa Lalbaug huondoka asubuhi na kufika pwani kesho yake. Hupita karibu na sanamu ya Tilak, ambaye maiti yake ilichomwa ufukweni hapo mwaka 1920. Udongo huyeyuka, lakini plasta, iliyopendwa kwa wepesi na bei yake, hurudishwa na mawimbi vipandevipande. Ndiyo maana manispaa imechimba mabwawa ya kuzamishia, na mabishano kati ya wachongaji na watetezi wa bahari yamefika mahakamani.

Nikiulizwa sikukuu ile ni ya nani, simtaji Tilak kwanza. Ni ya mfumaji, mvuvi na mchuuzi waliochanga kidogokidogo mpaka barabara ikawa yao kwa siku kumi. Atakayekwenda Mumbai msimu huo aanze Girgaon, uani mwa chawl ya Keshavji Naik, kabla ya kwenda kupanga foleni Lalbaug.