Mvulana Mwenye Pia na Mjeledi

Mwaka 1860 mchoraji wa Uingereza, Ford Madox Brown, alimchora kwa rangi za mafuta mwanawe Oliver, aliyekuwa na umri wa miaka mitano. Picha yenyewe ni ndogo, haifiki hata nusu mita kwa urefu. Jina lake ni The English Boy.

Mtoto ametukabili uso kwa uso, mashavu mekundu, kofia ya majani kichwani. Mkono mmoja umeshika pia, mwingine mjeledi wa kuichezea. Mkao huo si wa mtoto wa kawaida. Karne tatu kabla, Hans Holbein alimchora vivyo hivyo Edward mdogo, mwana wa Mfalme Henry VIII. Kwa Oliver, pia imeshika nafasi ya tufe la kifalme na mjeledi umekuwa fimbo ya enzi. Brown, aliyeishi miaka mingi kwa kubangaiza, hakuwa na ufalme wa kumrithisha mwanawe. Alimpa heshima ya mfalme kwa brashi.

Mapenzi hayo yalikuwa na jeraha ndani yake. Miaka mitatu nyuma, mwaka 1857, Brown na mkewe Emma walimzika mwana wao mwingine, Arthur, kabla hajatimiza mwaka. Sura yake imebaki katika picha kubwa ya Brown iitwayo Work. Oliver naye alishaonekana kabla: katika picha nyingine ya baba yake, The Last of England ya mwaka 1855, familia inaihama nchi kwa meli, na mtoto mchanga amefunikwa ndani ya shuka la mama. Kinachoonekana ni kiganja chake tu, mama amekishika. Mama huyo ni Emma.

Oliver alikua akachora, akaandika pia. Riwaya yake, Gabriel Denver, ilichapishwa mwaka 1873. Novemba 1874 damu yake iliingiwa na sumu, akafariki akiwa na miaka 19.

Baadaye Brown alichora picha 12 za ukutani katika ukumbi wa jiji la Manchester, kazi aliyoianza mwaka 1879 na kuimaliza mwaka 1893, mwaka aliofariki. Wengi humkumbuka kwa kazi hizo kubwa. Kwangu mimi, hakuna aliyoichora kwa moyo mzima kuliko ile ndogo ya Oliver. Nayo imehifadhiwa katika jiji hilohilo, ndani ya Manchester Art Gallery.