Tarehe ya Reli ya Kwanza ya Cabo Delgado

Hii ni tarehe ya reli ya Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji. Naiandika kwa sababu Ramadhani iliyopita, barazani Nanduadua, mtu mzima na akili zake alisema mbele ya vijana kwamba reli hiyo ilianzia kwa jirani zake wa bandarini. Nilinyamaza kwa heshima ya funga. Funga imekwisha.

Mgeni atauliza: Mocímboa ina reli? Haina. Cabo Delgado nzima haina. Anayetaka kupanda treni ateremke kusini hadi Nacala au Nampula. Reli ninayoisema mimi ilikuwa na urefu wa pima nne, ikazunguka uani kwa babu yangu mtaa wa Milamba, na upana wake vidole viwili. Kituo chake kiliingia ndani ya ungo. Lakini ilikuwa reli, na ndiyo ya kwanza.

Ushahidi ni huu. Mwaka 1891 mfalme wa Ureno aliipa Kampuni ya Nyassa nchi yetu, kutoka Rovuma hadi Lúrio, kutoka bahari hadi ziwa. Katika yaliyotarajiwa kwake ni kujenga reli kutoka Ghuba ya Pemba, ile ya Cabo Delgado, hadi Ziwa Nyasa. Kampuni ikatoza kodi ya kibanda, ikasukuma watu kwenye kazi za shuruti, hisa zake zikauzwa na kununuliwa Ulaya kama samaki mnadani. Mamlaka yake yalipokwisha mwaka 1929, reli ya ziwani haikuwapo. Miaka 38! Kampuni yenye polisi, stempu na makao yake haikuweka kitu, na Babu aliweka pima nne kwa bati la kopo la mafuta. Sasa nani ana haki ya kuitwa mwanzilishi?

Mjukuu hamtaji babu kwa jina, kwa hiyo nitasema Babu tu. Ukoo wetu ni wa waunda vyombo. Wazee wanasema baba yake aliweza kuutazama mti ungali msituni akajua utatoa mkuku wa pima ngapi. Waunda vyombo wa pwani hii hawachori. Ramani yao ni jicho. Ila kila mmoja wao alianza utotoni na kidau cha kuchezea, kilichochongwa kwa mti mwepesi na kutiwa tanga la kitambaa. Kidau cha Babu kilikatika kamba siku ya matlai, kikaondoka na maji. Wanasema wavuvi walikikuta kisiwani Vamizi, tanga limesimama, ndani hamna hata tone. Mimi naandika walivyosema.

Mwaka 1947 Waingereza wa ng'ambo ya Rovuma walianza shamba kubwa la karanga, na Nachingwea ikawa mojawapo ya sehemu zake. Watu wetu walikuwa wamezoea kuvuka mto kwenda mikonge ya Lindi na Tanga. Safari hii wakavukia karanga. Reli ya shamba hilo ilianzia Mkwaya, kwenye hori la Lindi, ikapanda bara hadi Nachingwea. Baadaye ikaja nyingine kutoka bandari mpya ya Mtwara, zikakutana Ruo. Babu alikuwa katika genge la kulaza mbao za chini ya reli. Alipowasikia watu wa kule wakiziita mataruma, alicheka mpaka msimamizi akamwuliza kulikoni. Akamjibu, “Bwana, taruma ni ubavu wa chombo. Basi hii ni jahazi mmeifudikiza.” Tangu siku ile, wanasema, hakuogopa tena kazi ya reli.

Karanga hazikuota walivyotarajia. Mwaka 1951 serikali ya London ilikata tamaa, fedha nyingi zikiwa zimekwenda na upepo. Treni iliendelea kupita na mizigo michache hadi mwaka 1962, njia ikafungwa, vyuma vikang'olewa. Frelimo walipofanya kambi yao Nachingwea, vijana wetu waliopita huko walikuta tuta na nyasi. Mmoja wao aliporudi baada ya uhuru, wanasema, alisimama uani kwa Babu akakiona kituo ambacho kwenyewe hakipo tena. Akavua kofia.

Maana Babu alikuwa amerudi zamani, kabla ya mauaji ya Mueda ya mwaka 1960. Mkononi alikuwa na ufito wenye alama mbili za kisu: umbali wa chuma hadi chuma, alioupunguza mara ishirini na tano kwa kukunja uzi. Kila kitu kilitoka kwenye ufito ule. Mlango wa kituo, vidole vinne, yaani mtu mzima apite bila kuinama. Alisema chombo kidogo kina ruhusa ya kukosea rangi, hakina ruhusa ya kukosea kimo.

Nitaeleza alivyojenga, maana ndipo ulipo ubishi. Vilima alivifinyanga kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na jivu, usipasuke jua likiwaka. Kokoto za njia zilikuwa matumbawe yaliyopondwa na kuchekechwa mara mbili. Kuta za kituo ni fito za mkoko, zikapigwa chokaa. Bati la paa lilimshinda siku nyingi. Mwishowe alichukua karatasi ya risasi iliyofungia majani ya chai ndani ya kasha, akailaza juu ya chelewa zilizopangwa safu, akaikandamiza kwa ukucha mpaka ikatoka na mikunjo kama bati la dukani. Kutu aliipata kwa maji yaliyolowekwa misumari. Tangi la maji la injini ni kopo la maziwa juu ya miguu minne. Mikorosho ni makumbi ya nazi yaliyochambuliwa na kushikwa kwa utomvu wa mkorosho wenyewe. Moshi ni sufi. Abiria walichongwa na rafiki yake Mmakonde wa Mueda, nao walikuwa wazuri.

Aliijenga yote kwa jicho la mtoto aliyekaa chini. Mtu mzima akisimama aliona vichezeo. Akichuchumaa, treni ilikuwa inamjia.

Sasa watu wa bandarini. Mzee wao alifanya kazi kwenye reli ya Nacala, naye alikuwa na behewa la bati. Sikatai. Lakini behewa lisilo na kituo, wala tuta, wala mwembe wa kungojea chini yake, ni bati lenye magurudumu. Kila mtoto wa Msumbiji ameshavuta gari la waya. Hatukuwahi kuliita barabara.

Mzee huyo alikuja siku moja na rula, akapima njia ya Babu na kutangaza kwamba ni batili. Reli za Msumbiji, akasema, zina upana wa milimita 1,067, na hii ya Babu imetoka kwenye milimita 1,000. Ndiyo ugomvi maarufu wa upana, uliogawa mtaa kwa misimu miwili ya kusi. Wenye ndugu Nampula walishika 1,067. Wenye ndugu Lindi walishika 1,000. Ndoa moja ilicheleweshwa.

Tuuamue hapa. Upana wa 1,067 umepanda kutoka kusini, Afrika Kusini na Rhodesia. Upana wa mita moja ni wa Afrika Mashariki: ndio uliotoka Mombasa mwaka 1896 ukafika ziwani Kisumu mwaka 1901, na ndio waliouweka Wadachi kutoka Tanga. Dar es Salaam hadi leo zimo zote mbili, kwa kuwa TAZARA ilijengwa kwa 1,067 ili iungane na Zambia, na behewa la njia hii haliwezi kupita ile. Serikali zimeshindwa, sembuse mtaa wa Milamba. Na ukipunguza tofauti ya vipimo hivyo viwili mara ishirini na tano, inabaki chini ya milimita tatu: punje ya uwele. Mafundi wa Ulaya, wale wa kipimo cha moja kwa 87 kama kwenye maonyesho ya treni ndogo ya Hamburg yaliyofunguliwa mwaka 2001, hutumia njia ile ile ya milimita 12 kwa reli zote mbili. Ndoa ingefungwa kwa wakati.

Wapo wanaosema haya yote ni mchezo. Waende Unguja waulizie mtepe, chombo cha kushonwa kwa kamba bila msumari, kilichotoweka baharini zaidi ya nusu karne. Mwaka 2003 Beit al-Ajaib ilipotaka kuunda mtepe mzima, hakuna fundi aliyekuwa hai aliyewahi kuuunda. Mafundi waliongozwa na picha, maandishi na mitepe midogo ya mfano iliyosalia. Kidogo kilizaa kikubwa.

Baada ya Babu reli ilishikwa na mjomba, akaongeza daraja. Baada yake binamu, hakuongeza kitu. Kisha mimi.

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Oktoba 2017 vita viliingia mjini. Tarehe 12 Agosti 2020 bandari ilianguka, nasi tukapanda mashua hadi Paquitequete, Pemba. Mji ulirudishwa tarehe 8 Agosti 2021 na majeshi ya Msumbiji na Rwanda. Niliporudi Milamba, ua ulikuwa magugu na majivu. Sikukuta kituo wala daraja, wala abiria hata mmoja.

Lakini shangazi, siku ya kukimbia, alibeba sufuria, Msahafu na kile alichodhani ni mkongojo wa Babu. Alama mbili za kisu zipo.

Nimeanza upya. Mpaka leo njia ina pima moja na nusu, na kituo kimeezekwa. Siku hizi karatasi ya risasi haipatikani, natumia bati laini la makopo ya soda. Watoto wa bandarini huja jioni kuchuchumaa, na wawili kati yao wana mkono mzuri wa miti. Upana ni ule ule wa Babu. Asiyekubali aje na rula yake, na kituo chake pia.