Mlimani, UDOM, SUA, Mzumbe: Maisha ya chuo nje ya darasa yakoje?

Majina ya waliochaguliwa yakitoka, wengi huangalia kozi na mkopo tu. Utalala wapi, utakula na nani, jioni utakuwa wapi? Hayo mtu huyawaza begi likiwa limeshashushwa stendi. Na hapo ndipo vyuo vyetu vinapotofautiana sana.

Tuanze na Mlimani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza 1961 na jiji sasa limekizunguka, kwa hiyo starehe hazitafutwi mbali. Shida ni vyumba. Hosteli za Magufuli, zilizofunguliwa 2017, zinachukua wanafunzi 3,840, na kuna za Mabibo na mabweni ya zamani, lakini bado wengi wanapanga Changanyikeni, Msewe, Makongo au Sinza. Hilo linawagawa wanafunzi kuliko kozi inavyowagawa. Aliye hosteli yupo kwenye vimbweta mpaka usiku wa manane, akisoma kidogo na kupiga stori zaidi, na kila jambo la DARUSO linamfikia. Aliye geto anawaza daladala. Kipindi kikiisha saa 12 jioni, huyo kaondoka. Anaweza kumaliza miaka mitatu akiwajua watu wa kozi yake tu.

Ndiyo maana "kubebana", yaani kulala wawili kitanda cha mmoja, hakuishi hata kama hakuruhusiwi. Kodi ni sababu, ndiyo, lakini mtu pia anataka kuwa walipo wenzake.

UDOM ni kinyume kabisa. Kilianzishwa 2007 nje kidogo ya mji wa Dodoma, na kilijengwa na hosteli nyingi, kwa hiyo maisha yako humohumo ndani: kula, kusuka, ibada, kuangalia mpira, na mapenzi pia. First year hapati upweke kirahisi. Ila ndaki zimetawanyika, na kati ya moja na nyingine kuna mwendo wa kweli. Mwanafunzi wa kompyuta kule CIVE na wa Elimu wanaweza kumaliza mwaka hawajaonana. Anayechoka kubanana hosteli hupanga Ng'ong'ona. Beba koti: upepo wa Dodoma mwezi wa saba haujali umetoka mkoa gani. Na tangu SGR ianze kufika huko 2024, wikiendi za Dar zimekuwa rahisi, jambo ambalo bumu halilifurahii.

Kuhusu bumu, fedha ya chakula na malazi haipandi kwa sababu uko Dar. Aliyepanga Sinza anakatwa na kodi na nauli kabla hajanunua sahani ya wali. Wa UDOM anayetembea kwa miguu kwenda darasani anabaki na cha kuchangia birthday ya rafiki. Wazazi wengi hawapigi hesabu hii.

Morogoro kuna vyuo viwili visivyofanana. SUA, ya 1984, inakaa chini ya milima ya Uluguru, na kozi zake nyingi zinawapeleka wanafunzi mashambani na misituni kwa mafunzo ya vitendo. Urafiki wa huko hujengeka kwenye basi na kwenye matope. Mzumbe iko nje ya mji, barabara ya Iringa, na ni tulivu. Mnajuana sura mapema, na ukigombana na mtu Jumatatu, Jumanne mko naye foleni moja ya chakula. Anayependa kujificha kwenye umati atapata taabu.

Kabla hujathibitisha, soma jina la kampasi vizuri. Mzumbe ina kampasi Mbeya na Dar es Salaam. SUA nayo ina ya Mazimbu, palipokuwa na shule ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini. Na vyuo vishiriki vya UDSM haviko Mlimani: DUCE iko Chang'ombe, MUCE iko Iringa.