Mbuni wa Bukoba: Historia ya Kahawa ya Wahaya

Mbuni wa aina ya robusta ni mmea wa asili wa misitu ya Afrika ya kitropiki, kutoka bonde la Kongo hadi kando ya Ziwa Viktoria. Upande wa magharibi wa ziwa hilo, katika nchi ya Wahaya ambayo leo ni sehemu ya mkoa wa Kagera, mmea huo uliingizwa mashambani na kutunzwa vizazi vingi kabla ya mzungu yeyote kufika huko. Jambo hili lafaa kukumbukwa, kwa sababu historia ya kahawa ya Tanzania husimuliwa mara nyingi kana kwamba ilianza na wamisionari wa Kilimanjaro mwishoni mwa karne ya 19. Bukoba ilikuwa na mibuni yake, wenye mibuni hiyo, na sheria za kuitunza.

Ukiachwa ukue upendavyo, mbuni wa robusta hufikia urefu wa mita 8 au zaidi. Maua yake ni meupe, yamesongamana kwenye vifundo vya matawi, na harufu yake hukaribia ile ya asumini. Hayachanui kidogo kidogo. Matumba ya maua hukaa yamefumba wakati wa kiangazi, na mvua ya kwanza ya maana ikinyesha, shamba zima hufunguka kwa pamoja ndani ya siku chache, kisha maua hunyauka upesi. Ua la robusta haliwezi kujichavusha lenyewe; lazima lipate chavua ya mbuni mwingine, inayoletwa na upepo au nyuki. Kwa hiyo mbuni uliopandwa peke yake huzaa kidogo, na mbegu zinazotoka kwenye mti mmoja mzuri huota miche isiyofanana na mama yake. Kuanzia ua hadi tunda jekundu hupita miezi 9 hadi 11.

Kwa Wahaya, kahawa hiyo haikuwa ya kunywa. Matunda yalichumwa kabla ya kuiva, yakachemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, yakaanikwa hadi yakauke kabisa, kisha yakatafunwa. Mgeni aliyeingia nyumbani alikaribishwa kwa punje chache kabla hata ya kuulizwa habari, na desturi hiyo ingalipo katika nyumba nyingi za Wahaya. Kahawa ndiyo pia iliyofunga udugu wa kuchanjiana. Ndani ya tunda moja la kahawa hukaa punje mbili, uso kwa uso, zikiwa zimefunikwa na ganda moja. Watu wawili waliotaka kuwa ndugu walitenganisha punje hizo, kila mmoja akajichanja karibu na kitovu, akapaka punje damu yake, kisha mwenzake akaimeza. Udugu huo ulikuwa na nguvu ya kudai ulinzi, chakula na msaada wa vita, na kuuvunja kulihesabiwa kuwa dhambi kubwa.

Punje hizo zilisafiri mbali. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyekaa Tabora mwaka 1857 na 1858, aliandika kuhusu kahawa ya ufalme wa Karagwe na ya Buhaya, nchi ya Wahaya, iliyofika huko kwa misafara ya wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili, na akaeleza jinsi ilivyochemshwa na kutafunwa. Biashara hiyo ilikwenda kaskazini pia, hadi Buganda. Kwa falme za Kihaya za Kiziba, Kianja, Ihangiro na jirani zake, kahawa ilikuwa mali ya heshima, na wafalme waliokuwa na cheo cha Mukama waliishika mikononi. Mtu wa kawaida hakuwa huru kupanda mibuni apendavyo. Ruhusa ilitoka ikulu, na sehemu ya mavuno ilirudi huko huko. Kuchemsha punje kuliwasaidia pia wenye mali, kwani punje iliyochemshwa haioti. Aliyepewa zawadi ya kahawa aliweza kuitafuna, lakini hakuweza kuanzisha shamba kwa zawadi hiyo.

Utunzaji wenyewe ulifanyika ndani ya kibanja, yaani shamba la migomba linaloizunguka nyumba, na hapa ndipo ustadi wa Wahaya unapoonekana zaidi kuliko mahali pengine popote. Ardhi ya Bukoba kwa asili ni maskini. Mvua ni nyingi, kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka karibu na ziwa, nayo huchukua rutuba na kuizamisha chini. Nje ya vibanja kuna rweya, mbuga ya nyasi ambayo bila kazi kubwa haistawishi migomba wala kahawa. Rutuba ya kibanja imetengenezwa na watu. Ng'ombe walichungwa rweya mchana na kulazwa nyumbani usiku, samadi yao ikapelekwa kwenye mashina. Nyasi zilikatwa rweya na kutandazwa chini ya migomba. Majani makavu na magogo ya migomba yaliyokwisha kuzaa yaliachwa yaoze hapo hapo. Baada ya vizazi kadhaa, udongo wa kibanja uligeuka mweusi na laini huku ule wa hatua chache tu kutoka hapo ukibaki mwembamba na mchungu.

Mbuni ulipandwa katikati ya migomba, ukapata kivuli na unyevu. Shina lake changa liliinamishwa ili lichipue mashina mengi kutoka chini, na matawi yashuke mahali mkono wa mchumaji unapofika. Msumeno na makasi ya kupogolea havikujulikana. Kazi ilikuwa kuondoa machipukizi yaliyozidi, kukata matawi yaliyokauka na kuweka matandazo. Mbuni uliotunzwa hivyo huzaa kwa miaka 50 na zaidi, na familia nyingi zinavuna miti iliyopandwa na babu ambaye waliopo hawakumwona. Wazee huzikwa kibanjani, na kibanja hakiuzwi kirahisi.

Mwaka 1890 Emin Pasha alianzisha kituo cha Wajerumani mahali panapoitwa sasa mji wa Bukoba. Miaka 2 baadaye wamisionari wa White Fathers walifungua misheni ya Kashozi, na kwa njia ya misheni mbegu za arabika, aina nyingine ya kahawa, zikaanza kuenea. Lakini mabadiliko makubwa yaliletwa na reli. Mwaka 1901 reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu, meli zikaanza kuvuka ziwa, na gunia la kahawa la Bukoba likaweza kufika Ulaya kwa gharama inayobebeka. Maofisa wa Kijerumani waliwahimiza watawala, hasa Kahigi wa Kianja, wapandishe mibuni mingi, na zuio la zamani la kupanda likayeyuka. Kila mwenye kibanja akawa mkulima wa kahawa. Katika miaka ya 1920 bei ilipanda. Nyumba za mabati, baiskeli na ada za shule zililipwa kwa kahawa. Kahawa hiyo ndiyo iliyoifanya Bukoba kuwa miongoni mwa sehemu zilizotangulia Tanganyika nzima kwa elimu.

Ruhusa ya kupanda ilipokwisha kuwa jambo la zamani, lilikuja jambo jingine: amri ya namna ya kutunza. Serikali ya Kiingereza, iliyochukua nafasi ya Wajerumani, iliona wadudu na magonjwa katika mibuni iliyozeeka, ikatunga kanuni za kung'oa miti, kusafisha mashamba na kuweka matandazo kama mabwana shamba watakavyo. Kitaalamu mengi ya mashauri hayo hayakuwa mabaya. Kosa lilikuwa kuyafanya sheria yenye adhabu, na kuyaleta kwa watu waliojua kwamba anayeamuru juu ya mbuni huishia kuamuru juu ya ardhi. Mwaka 1937 wakulima wa Bukoba walikataa, mikutano ikageuka ghasia, na serikali ikawakamata viongozi wao. Mgogoro huo ni mmoja wa migogoro ya mwanzo kabisa ya wakulima dhidi ya ukoloni katika Tanganyika ya Waingereza, na unastahili nafasi kubwa zaidi katika vitabu vya shule.

Mwaka 1950 wakulima walipata chama chao kikuu cha ushirika, Bukoba Native Co-operative Union. Vyama vya ushirika vilivunjwa na serikali mwaka 1976 na kurudishwa katika miaka ya 1980. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa wa kahawa ulivunjika na bei zikaporomoka. Katikati ya miaka ya 1990 wanunuzi binafsi waliruhusiwa. Katika misukosuko yote hiyo mila moja ya biashara imedumu, nayo ni butura. Mkulima aliyebanwa na ada, ugonjwa au msiba humwuzia mwenye fedha kahawa yake ikiwa bado maua au matunda mabichi, kwa bei ndogo sana kuliko ile ya msimu. Yanapoiva, mavuno si yake tena. Butura imepigwa marufuku na inaendelea, kwa kuwa shida inayoizaa haingoji msimu ufunguliwe.

Katika miaka ya 1990 likaja pigo jingine. Mnyauko fuzari, ugonjwa wa kuvu unaoziba njia za maji ndani ya shina, uliingia Kagera. Majani huanza kuwa ya njano upande mmoja wa mti, kisha hukauka na kupukutika, na mbuni uliodumu nusu karne hufa ndani ya miezi michache. Dawa ya kuuponya haipo. Mti hung'olewa na kuchomwa hapo ulipo, bila kuburutwa shambani, na panga lililokata mti mgonjwa husafishwa kabla ya kugusa mwingine.

Tumaini limetoka kwenye mibuni yenyewe. Katika mashamba yaliyoteketea ilipatikana miti michache iliyobaki mizima, na watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, katika kituo cha Maruku karibu na Bukoba, waliipima na kuichagua. Aina zilizotokana na kazi hiyo zimepewa majina ya nyumbani: Maruku 1, Maruku 2, Bukoba 1 na Muleba 1. Kwa kuwa mbegu ya robusta haifuati mama, miche hiyo huzalishwa kwa vikonyo: kipande cha chipukizi lililosimama wima, chenye kifundo kimoja na majani yaliyopunguzwa nusu, huchomekwa kwenye udongo wenye unyevu chini ya kivuli na nailoni hadi kiote mizizi. Tawi la pembeni halifai kwa kazi hii, maana mche wake hutambaa na hausimami. Mche ulio tayari huhamishiwa kwenye shimo lililojazwa samadi katikati ya migomba, na huanza kutoa maua baada ya miaka 2 hadi 3.