Mwanafunzi wa Udaktari Kutoka Ng'ambo: Ametoka Wapi, na Anaruhusiwa Kukugusa?

Leo sina ugonjwa wa kukueleza. Nataka tuzungumze juu ya mtu unayeweza kumkuta kando ya kitanda chako ukilazwa katika hospitali kubwa ya mafunzo. Ni kijana aliyevaa koti jeupe, ana kipimo cha kusikiliza moyo shingoni, na Kiswahili chake ni "jambo" na "pole" peke yake. Ametoka Marekani, Uswidi, Uingereza au Ujerumani. Wodi nzima inamwita daktari. Kwa kweli bado hajawa daktari. Ni mwanafunzi aliyekuja kwa wiki chache kujifunza kazi kwa mikono yake, kisha atarudi kwao kumaliza masomo.

Watu huniuliza mambo mawili juu yake. Mmoja atasema, "Sista, kwa nini wanatujifunzia sisi?" Mwingine atanivuta kando na kusema, "Sista, nifanyie mpango nitibiwe na yule mzungu." Maswali yote mawili yana historia, na wala haianzi na mzungu. Inaanza na vijana wetu wenyewe, walipopanda gari la moshi kwenda Kampala.

Kabla ya mwaka 1967, Kenya haikuwa na shule hata moja ya kufundisha udaktari. Tulikuwa na wauguzi, wasaidizi wa maabara, na wale wafunga vidonda walioitwa madresa. Mkenya Mwafrika aliyetaka kuwa daktari bila kuvuka bahari njia yake kuu ilikuwa Makerere. Mafunzo ya udaktari yalianza huko mwaka 1924, na wodi za kujifunzia zilikuwa Mulago, kilima kilicho jirani na kile cha chuo. Hospitali ya Mulago ilianzishwa mwaka 1913 na Daktari Albert Cook, mmishenari Mwingereza, na mwanzoni ilikuwa ya kutibu magonjwa ya zinaa. Reli ilipofika Kampala mwaka 1931, kijana aliyemaliza shule pale Kikuyu aliweza kupanda gari la moshi, akapita Nakuru, akapita Eldoret, akapita Tororo, akavuka mto Naili pale Jinja, na kushuka Kampala. Ushike huo mji wa Eldoret akilini, tutaurudia.

Sasa jiweke katika nafasi ya kijana huyo. Mgonjwa aliyelala mbele yake anasema Luganda. Yeye anajua Kikuyu, Kijaluo au Kiluhya, na Kiingereza cha shule. Ili aulize tumbo linauma wapi, ni lazima amtafute muuguzi wa kumtafsiria. Mikono yake bado inatetemeka. Mgeni wa wodini, yule asiyejua lugha na aliyekuja kujifunzia miili ya watu wa nchi nyingine, alikuwa ni wetu. Wagonjwa wa Uganda, wakulima wa ndizi na pamba, ndio waliowafundisha madaktari wa kwanza wa Kenya kupapasa bandama na kuzalisha mtoto aliyetanguliza miguu. Sijui kama tuliwahi kuwashukuru.

Wodi za Mulago zilikuwa na mafunzo hata kwa waliokwisha kuhitimu. Daktari mpasuaji Denis Burkitt aliwaona huko watoto waliovimba taya, akaandika habari zao mwaka 1958. Leo dunia nzima inaita saratani hiyo kwa jina lake. Majina ya wale watoto hayapo katika ugonjwa huo, ingawa wao ndio waliokuwa nao.

Kijana wetu alipomaliza miaka yake Mulago alirudi Kenya, na hapo ndipo kisa kinapoingia chumvi. Serikali ya kikoloni haikumwita daktari kamili. Alipewa cheo cha usaidizi, na mshahara wake ulikuwa chini sana ya ule wa daktari Mzungu. Mikono ilikuwa imefundishwa kupasua, kushona na kuzalisha, lakini karatasi ilisema yeye ni msaidizi. Baraza la madaktari la Uingereza lilikuja kuitambua stashahada ya Makerere mwaka 1957 tu, yaani zaidi ya miaka 30 tangu mafunzo yaanze. Mmoja wa waliopitia njia hiyo, Daktari Jason Likimani, alikuja kuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza huduma za matibabu za Kenya nzima.

Wengine walienda mbali zaidi. Daktari Njoroge Mungai alisomea udaktari Stanford huko Marekani, na Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963 akawa Waziri wa Afya. Katika miaka hiyo ya 60 wako pia waliopelekwa Moscow, kwenye chuo kilichopewa jina la Patrice Lumumba, nao walianza kwa kujifunza Kirusi kwanza ndipo wafungue kitabu cha mifupa. Kusoma huko kulikuwa na faida zake, ila malaria huwezi kuijua vizuri mahali ambapo mbu wake hayupo. Ndiyo maana nchi ilihitaji shule yake yenyewe. Mwaka 1967 Nairobi ikafungua, wodi zikiwa katika Hospitali ya Kenyatta, na walimu kutoka Glasgow walisaidia kuianzisha.

Sasa turudi Eldoret. Mwaka 1990 Chuo Kikuu cha Moi kilipokea wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari. Ilikuwa shule ya pili nchini, na wodi zake zilikuwa hospitali ya wilaya, ile ambayo baadaye iliitwa hospitali ya mafunzo na rufaa ya Moi. Madaktari wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, walifunga urafiki na shule hiyo tangu mwanzo wake. Linköping ya Uswidi nayo ilifuata njia ya kubadilishana wanafunzi. Mpango wa Indiana una mambo mawili ninayoyapenda. La kwanza, walimtuma mwalimu wao kuishi Eldoret, alale huko, anunue sukuma wiki huko, ili mwanafunzi wa Marekani akifika awe na mtu mzima wa kumwangalia. La pili, njia ilikuwa ya kwenda na kurudi. Wanafunzi wa Moi nao walipanda ndege kwenda kuzunguka wodi za Indianapolis.

Halafu likatokea jambo ambalo halikuwa katika mpango wa mtu yeyote. Mwaka 2000, katika wodi hiyo hiyo ya Eldoret, alilazwa mwanafunzi wa udaktari wa Moi mwenyewe. Alikuwa na Ukimwi, amekonda, anangoja kufa kama walivyongoja wengine, kwa sababu dawa za kupunguza makali zilikuwa ghali mno. Profesa Joe Mamlin wa Indiana alitafuta fedha za kumnunulia dawa hizo. Kijana akainuka kitandani. Alipoinuka, watu wakauliza swali ambalo halingeweza kurudishwa nyuma: na yule wa kitanda kinachofuata je? Mwaka 2001 ukaanza mpango unaoitwa AMPATH, wenye kliniki Eldoret na katika kituo cha afya cha Mosoriot, na baadaye maelfu kwa maelfu ya watu wa Magharibi mwa Kenya wakapata dawa humo. Kwa hiyo mtu akiniambia wageni hawa huja kutuchezea tu, namwambia hapana, nenda Mosoriot ukaulize.

Lakini sitakuficha upande mwingine, maana niliuona kwa macho yangu.

Nilikuwa bado mwanafunzi wa uuguzi, katika wodi ya watoto ya hospitali ambayo sitaitaja. Nilikuwa nimedunga machungwa wiki nzima kabla ya kuruhusiwa kumdunga mtu. Usiku mmoja aliletwa mtoto mwenye degedege, shingo imekakamaa, akishukiwa kuwa na homa ya uti wa mgongo. Ilitakiwa atolewe maji mgongoni yapelekwe maabara. Daktari wa zamu alikuwa ameitwa chumba cha upasuaji. Mgeni mmoja, mwanafunzi wa mwaka wa pili kutoka ng'ambo, alikuwa amesimama pale, na mtu akamwambia, "Daktari, jaribu wewe." Akajaribu. Akadunga mara ya kwanza, akakosa. Akadunga mara ya pili, ikatoka damu. Uso wake ukawa mweupe kama shuka. Akanigeukia, akaniuliza kwa sauti ndogo kama mimi nimewahi kuifanya kazi hiyo. Mimi! Nilitikisa kichwa, nikaendelea kumshika mtoto. Sikusema acha. Kinywa cha mwanafunzi wa uuguzi ni kizito mbele ya koti jeupe, tena jeupe lililovaliwa na mweupe.

Intani wetu akaja mbio, akanawa, akavaa glavu, akapata maji kwa mara moja. Mtoto alipona, alienda nyumbani baada ya wiki mbili hivi. Siku ya kuondoka mama yake alimtafuta yule mgeni amshike mkono na kumshukuru. Intani hakushukuriwa na mtu.

Baadaye yule kijana aliniambia kwamba kwao hakuwa ameruhusiwa hata kutoa damu ya mkononi peke yake. Alipofika hapa kila mtu alimwita daktari, akaona aibu kukataa.

Weka visa hivi viwili pamoja, msikilizaji. Yule wa Mulago alijua kazi, akanyimwa jina. Huyu alipewa jina kabla ya kuijua kazi. Ni ugonjwa mmoja, na wa kwanza kuupata ni sisi tunaofanya kazi wodini, kisha tunakuambukiza wewe mgonjwa, ndiyo maana unaomba "yule mzungu".

Mwaka 2010 wataalamu wa nchi mbalimbali waliandika miongozo ya mafunzo ya namna hii. Ukiisoma, shina lake ni kwamba mwanafunzi asifanye ugenini kazi ambayo hajafundishwa, awe na msimamizi, na nchi inayompokea nayo ifaidike, isiwe ghala la kuchotea tu. Hapa kwetu, Wizara ya Afya ilitoa mkataba wa haki za wagonjwa mwaka 2013. Una haki ya kuelezwa unachofanyiwa na kukubali kabla hakijafanywa. Una haki ya kukataa. Siri yako ni yako, hata picha. Sehemu hiyo ya picha naisisitiza, kwa sababu simu ziko mikononi, na mtoto wako aliyekonda si ukumbusho wa safari ya mtu.

Basi akija kitandani, muulize kwa upole. Unaitwa nani? Wewe ni daktari au mwanafunzi? Uko mwaka wa ngapi? Nani anakusimamia leo? Kama hajui Kiswahili, niite mimi, nitamwuliza. Mwanafunzi mzuri hatakasirika, mara nyingi atapumua. Akitaka kukusikiliza moyo au kukuuliza habari za ugonjwa wako na wewe una nguvu, mruhusu. Bila wagonjwa walioruhusu, mimi nisingekuwa muuguzi. Akishika sindano ya mgongoni au kisu, msimamizi awe ndani ya chumba, akitazama, siyo kwenye simu. Na ukikataa, matibabu yako hayapungui. Mtu akikutisha kwamba yatapungua, peleka malalamiko kwa msimamizi wa wauguzi wa hospitali.

Kuna jambo la afya ambalo siwezi kuliacha, kwa sababu wanafunzi wetu wanaliogopa kulisema. Wageni wengi huja wakiwa na dawa zao za kukinga virusi vya Ukimwi katika mkoba, endapo watajichoma na sindano. Mwanafunzi wa Kenya hana mkoba huo, na wengine huficha ajali kwa kuogopa kugombezwa. Kama mwanao anasomea uuguzi, udaktari au kazi ya maabara, au anafagia wodi, mwambie hivi. Akijichoma, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, asikamue damu, asipake jiki. Aripoti saa hiyo hiyo. Dawa za kukinga, zile wengi wanaziita PEP, zianze haraka iwezekanavyo na zisipite saa 72, kisha azimeze siku 28 bila kuruka. Aulizie pia chanjo ya homa ya ini aina ya B, afadhali kabla hajaingia wodini.

Machi 2020, korona ilipoingia, vyuo vya ng'ambo viliwaita wanafunzi wao nyumbani, na kwa siku chache tu makoti ya wageni yakatoweka. Wodi zilibaki na intani wetu, klinisheni wetu, wauguzi wetu na wafagizi wetu, wengine wakishona barakoa za kitambaa wenyewe. Wengine wetu hawakutoka wakiwa hai. Safari zilipofunguliwa tena, wageni walirudi, nasi tukawakaribisha. Mmoja aliniomba nimfundishe kusema "naomba ruhusa yako". Tulifanya mazoezi jikoni mwa wodi mpaka akayasema maneno hayo bila kusitasita, kisha akaenda kitanda nambari nne akamwambia bibi mmoja wa Nandi. Bibi akamtazama, akacheka, akamwambia hapana, leo amechoka, arudi kesho.

Akarudi kesho yake.

Kipindi kijacho tutazungumza juu ya chanjo ya surua, na kwa nini dozi ya pili husahauliwa. Uje na kadi ya kliniki ya mtoto karibu.