Alama za Njiani kutoka Mpala hadi Kirungu



Anayesafiri kando ya ziwa Tanganika, toka Mpala kuelekea kusini hadi Moba, na kutoka huko kupanda hadi Kirungu, hupita penye alama nyingi za mambo ya kale: kuta, makaburi, misalaba, hata majina ya vijiji. Katika yubilei hii twapenda kuzisoma alama hizo pamoja nanyi, tukiuliza ni nani waliotajwa na ni nani waliosahauliwa.

Alama ya kwanza ni jina Mpala lenyewe. Ni jina la sultani aliyetawala karibu na mto Lufuko. Mwaka 1883 alifika hapo ofisa Mbelgiji, Emile Storms, aliyetumwa na shirika la Mfalme Leopold II. Sultani Mpala alimkaribisha, wakachanjana damu kuwa ndugu, na Storms akajenga ngome yake. Mwaka 1885 ngome hiyo ilikabidhiwa Mapadri Weupe wa Kardinali Lavigerie, ikageuka misioni. Basi misioni ile ilisimama katika nchi ya mwenyeji aliyefungua mlango wake.

Siku zile zilikuwa na damu pia. Mwezi wa desemba 1884 askari wa Storms walimwua sultani Lusinga, ambaye wasafiri wa wakati ule walimtaja kuwa muuza watumwa. Kichwa chake kilikatwa, kikapelekwa Ubelgiji, na fuvu likatiwa katika nyumba ya makumbusho. Storms alisimamishiwa sanamu huko Ixelles, katika jiji la Brussels. Wakubwa wa mji waliiondoa mwaka 2022. Twayaandika hayo bila chuki. Ila msafiri anayeonyeshwa mahali pa ngome yafaa aambiwe pia habari za Lusinga, maana watu wa ukoo wake wangali wanaishi.

Alama nyingine ni kumbukumbu ya Kapteni Leopold Joubert, Mfaransa, aliyekuwa kwanza askari wa Papa. Alifika Mpala mwaka 1887 ili kuwalinda watu juu ya wawinda watumwa. Mwaka 1888 alimwoa Agnes Atakaye, binti wa Afrika, naye alikaa katika nchi hii hata kufa kwake mwaka 1927. Jina la Joubert lafahamika hata ng'ambo. Jina la mama Agnes, aliyemtunza na kumzalia watoto, latajwa mara chache. Na wanaume wa vijiji vyetu walioshika bunduki pamoja naye, ni nani awezaye kuwahesabu?

Tukipanda Kirungu twakuta misioni iliyoanzishwa mwaka 1893. Monsinyori Victor Roelens ndiye aliyeikuza, nayo iliitwa Baudouinville, kwa jina la mwana wa ukoo wa kifalme wa Ubelgiji aliyekufa mwaka 1891. Baada ya Uhuru jina hilo liliondoka, mji ukaitwa Moba. Jina limepita, lakini matofali yapo. Yalifinyangwa, yakachomwa, yakabebwa kichwani na wababu na mabibi zetu. Na hapo Kirungu, tarehe 21 julai 1917, Stefano Kaoze, mwana wa Marungu aliyesoma Mpala, alipewa upadri, wa kwanza kati ya Wakongomani wa nyakati hizi. Jina lake lajulikana po pote nchini. Majina ya makatekista waliofundisha vijijini siku zile hayajaandikwa njiani.

Kwa hiyo twaomba jambo moja. Katika mwaka huu wa yubilei, kila jumuiya iwaulize wazee wake majina ya makatekista wa kwanza, ya wajenzi na ya wapagazi, pamoja na mahali walipozikwa. Majina hayo yaletwe parokiani, yaandikwe katika daftari, kisha katika vibao vya mti mgumu kando ya barabara, kwa Kiswahili na kwa Kitabwa. Wazee wanapungua kila masika, na majani yanafunika makaburi. Kazi hiyo ianze kabla ya mvua.